Pikapu inayoruka ukigusa mafuta: jinsi ya kupata chanzo na kukirekebisha

Dalili hujitokeza kwenye matuta. Kuanzia Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti hadi Boma Ng'ombe, kazi ya dereva ni kupunguza mwendo, kuingiza gia namba mbili, kuvuka tuta na kuondoka tena. Pikapu yenye pedeli ya mafuta iliyotulia huondoka kwa adabu. Yenye pedeli kali inachomoka ukiigusa tu. Ukiachia inajifunga na kukutupa kwenye usukani. Ukigusa tena inachomoka tena. Kama nyuma kuna kreti za nyanya za Ngarenanyuki, zile za chini zitafika soko la Kilombero, Arusha, zikiwa rojo.

Gereji nyingi zitakujibu haraka: badilisha pedeli, au safisha throto (mlango wa hewa wa injini). Huenda ni kweli, lakini kati ya kiatu chako na tairi kuna vitu vingi: pedeli yenyewe, waya au sensa, throto au pampu, injini na mauntingi zake (mipira inayoishikilia), gia boksi, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), krosi (viungo vya propela), difu (gia za ekseli ya nyuma). Ulegevu au ugumu ukiwa popote humo, dereva anausikia mahali palepale, kwenye unyayo. Kwa hiyo anza na vipimo. Spana zitafuata.

Ya waya au ya sensa?

Inama chini ya dashibodi, mulika tochi juu ya pedeli. Ukiona waya wa chuma unatoka kwenye kichwa cha pedeli na kupenya ukuta wa injini (ule unaoitenga na chumba cha dereva), hiyo ni pedeli ya waya. Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L, Nissan Hardbody yenye TD27, na Isuzu zenye 4JA1 au 4JB1 ziko upande huu. Land Cruiser yenye 1HZ nayo ina pampu ya kimakanika. Kwake fuata waya na vyuma vyote vya kati hadi kwenye mkono wa pampu.

Ukiona plagi yenye nyaya ndogo za umeme imechomekwa kwenye pedeli, hiyo ni ya sensa. Mguu wako hauvuti kitu. Unapeleka taarifa kwa kompyuta ya injini, nayo ndiyo inayoamua kiasi cha mafuta. Hilux za 1GD na 2GD, za petroli 1TR na 2TR za miaka ya karibuni, na D-Max za 4JJ1 na 4JK1 ni za aina hii. Zipo pia za mchanganyiko, ambapo waya unatoka kwenye pedeli na kuishia kwenye sensa iliyo chumba cha injini. Hizo zikague kwa njia zote mbili.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua chochote

Cha kwanza, injini ikiwa imezimwa. Bonyeza pedeli kwa mkono, maana mguu wenye kiatu hausikii vitu vidogo. Sukuma polepole mpaka chini, kisha achia polepole vilevile. Pedeli inayogoma mwanzoni halafu ikaachia ghafla ina kitu kinachonata. Inayokwaruza katikati ina bushi iliyolika au waya uliochanika. Isiyorudi hadi juu yenyewe ni hatari, na gari lisitoke hapo lilipo mpaka sababu ijulikane.

Cha pili, injini ikiwa imepata moto. Hapa watu wa Arusha wawe makini: asubuhi za Juni na Julai injini ya petroli huwaka na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ya juu kwa dakika kadhaa, na wakati huo kila pedeli inaonekana kali. Subiri mshale wa joto utulie. Weka gia huru, hendibreki juu, AC na taa zikiwa zimezimwa. Panda taratibu kutoka sailensa hadi mizunguko 1,000 kwa dakika na uishikilie hapo, halafu 1,200, halafu 1,500. Pikapu isiyo na geji ya mizunguko ipime kwa sikio. Unachotaka ni sauti inayopanda ngazi ndogo ndogo na kutulia kwenye kila ngazi. Ikiruka kutoka 750 hadi 1,500 bila kukubali kukaa katikati, kasoro iko kwenye pedeli, waya, throto au pampu. Ikikubali kukaa popote unapotaka, pedeli haina hatia: ruka hadi sehemu ya mauntingi na krosi.

Cha tatu, barabarani. Tafuta eneo tambarare lisilo na watu. Ingiza namba mbili, acha gari litambae bila mafuta, kisha gusa na uachie, gusa na uachie. Sikiliza chini ya sakafu. Ukisikia "ko!" kila unapogusa na kila unapoachia, kuna plei (ulegevu) kwenye propela au difu, na hata ukifunga pedeli mpya kutoka kwenye boksi lake gari litaendelea kuruka.

Chini ya mguu

Toa karpeti zote. Karpeti iliyokunjamana chini ya pedeli huifanya ianze kazi ikiwa imeshabonyezwa kidogo, na matope yaliyokauka wakati wa masika hufanya vivyo hivyo. Kaza bolti za kibano cha pedeli. Zikilegea, pedeli nzima inayumba na mguu unapoteza kipimo.

Bushi ya pedeli ya waya ndiyo ya kuangaliwa zaidi kwa gari linalokwenda Longido, Engaruka au Mto wa Mbu. Vumbi la huko ni laini mno, linaingia popote, na likichanganyika na oili linageuka msasa. Toa pini, osha pini na bushi kwa mafuta ya taa na brashi ya meno kuukuu, kausha, paka grisi kidogo sana, rudisha. Bushi yenye plei ya pembeni inayoonekana kwa macho ibadilishwe. Pedeli ya sensa usiipake oili wala grisi wala usiipulizie dawa: futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Kuna jambo la kisigino pia. Kwenye barabara za Kibosho au Machame zenye mawe, mwili unaruka, mguu unaruka nao, pedeli inabonyezwa bila dereva kutaka, gari linaruka zaidi, na mguu unaruka zaidi. Hilo si ugonjwa wa gari. Kisigino kikae sakafuni muda wote na vidole ndivyo vifanye kazi. Egemeza upande wa kulia wa kiatu kwenye ukuta wa pembeni. Kama kiti kiko mbali au dereva ni mfupi na kisigino kinaning'inia, funga kipande cha mpira mgumu au mbao chenye unene wa sentimita 2 hadi 3 chini ya kisigino, kwa skrubu zinazoingia sakafuni. Kisiwekwe bila kufungwa hata kwa safari fupi, kwa sababu kikiteleza kitaingia chini ya breki. Na buti za mvua zenye soli nene ni za shambani; vaa kiatu kingine unapoendesha.

Waya

Hapa ndipo pikapu nyingi za zamani zinapopona, kwa gharama ndogo kuliko zote.

Anza kwenye mkono wa pampu au wa throto. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika waya ulio wazi kati ya ganda lake na mkono, ubonyeze kwa kidole. Uwe na plei ya milimita 2 hadi 5. Ukiwa umekaza kabisa, mkono unavutwa kabla hujakanyaga, sailensa inapanda, na ile sehemu ya mwanzo ya pedeli iliyo laini inakuwa imeshaliwa. Ukilegea mno, mguu unashuka bure sentimita kadhaa kisha unakutana na mzigo kwa ghafla, na dereva analalamika kwamba pedeli "inashika kwa kushtuka". Malalamiko ni yaleyale, sababu mbili tofauti kabisa, kwa hiyo pima kwa rula.

Kurekebisha: kwenye kishikio cha waya kuna nati mbili zinazobanana, kwa kawaida za spana namba 10 au 12. Legeza moja, sogeza nyingine mzunguko mmoja, pima, rudia hadi ufike milimita 3, kisha zibane tena kwa kukazana. Halafu mwambie msaidizi akanyage mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, wewe ukitazama mkono. Lazima ufike kwenye kituo chake cha mwisho. Usipofika, umelegeza kupita kiasi na mlima wa Marangu ukiwa na mzigo utakueleza.

Kama Hilux au Land Cruiser yako ya dizeli ina kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi cha kupandishia sailensa, hakikisha kimerudi ndani kabisa na waya wake haujanata. Kikibaki nje robo tu, pampu haishuki hadi sailensa ya kweli, na utarekebisha waya wa pedeli mchana kutwa bila mafanikio.

Ugumu wa waya wenyewe unapimwa ukiwa umechomolewa pande zote mbili. Shika ganda likiwa limenyooka, vuta waya kwa vidole kwenda na kurudi. Uteleze bila mkwaruzo. Ukikwaruza, tafuta penye kona kali, palipoungua kwa kugusana na ekzosi, au nyuzi zilizokatika karibu na kichwa. Uzi mmoja ukishakatika badilisha waya mzima. Nyuzi zilizokatika hujikunja ndani ya ganda na siku moja zitaufunga waya ukiwa umekanyaga. Waya mzima lakini mkavu utiwe oili nyepesi, matone machache kutoka upande wa juu huku ukiuvuta, mpaka itokeze chini. Grisi nzito hapana: asubuhi ya baridi inakuwa nzito zaidi na kurudisha kunata kulekule. Ganda lenye bomba la plastiki ndani halihitaji oili kabisa.

Unaporudisha, upitishe njia ile ile aliyoipanga aliyetengeneza gari, wenye mikunjo mipana, mbali na ekzosi, na uache nafasi ya injini kucheza. Nafasi hiyo ya kucheza ina maana kubwa. Waya umefungwa mwilini mwa gari upande mmoja na kwenye injini upande wa pili. Mauntingi ikichoka, ukigusa mafuta injini inainuka upande mmoja. Ikiinuka inauvuta waya. Waya unafungua mafuta zaidi. Injini inainuka zaidi. Ukiachia, inaanguka na kufunga yote mara moja. Mguu wako haujasogea hata milimita moja, lakini gari limeruka mara tatu.

Springi ya kurudisha

Mikono mingi ya pampu na throto huja na springi mbili, ya pili ikiwa ya usalama. Kwenye pikapu iliyopita mikononi mwa watu wengi, ya pili huwa haipo au imewekwa ya baiskeli. Springi ikiwa dhaifu, pedeli inakuwa nyepesi mno, na uzito wa mguu pekee unatosha kuiteremsha.

Tafuta springi ya injini yako. Ukiikosa, chukua ya kuvuta yenye nguvu inayokaribiana na ile ya kwanza, ifungwe kwenye tundu la mkono na kwenye kishikio cha chuma kilichofungwa kwenye injini hiyohiyo, si mwilini mwa gari. Mkono ukiwa sailensa, iwe imeshanyooka kidogo; mkono ukiwa mwisho, mizunguko yake isiwe imefunguka kiasi cha kupoteza umbo. Usiende mbali upande wa nguvu pia: springi kali mno inachosha mguu kabla ya kufika Himo na inaula waya.

Ukanda wa mpira wa tyubu uliofungwa badala ya springi uondolewe leo. Joto na oili huufanya ulainike, halafu unakatika bila onyo.

Pedeli inayomaliza kazi kabla ya kufika chini

Hii hutokea hasa pikapu iliyobadilishiwa injini au pampu. Msaidizi akanyage taratibu, wewe utazame mkono. Kama mkono umefika kituo cha mwisho na pedeli bado ina robo ya safari yake, basi mafuta yote ya injini yamebanwa kwenye robo tatu za pedeli. Kila milimita ya mguu inaleta mafuta mengi kuliko ilivyokusudiwa.

Dawa ni kuurefusha mkono upande wa pampu. Hesabu yake si ngumu. Tuseme mkono unazunguka nyuzi 45, na waya umefungwa milimita 35 kutoka katikati ya shafti. Kuuzungusha wote kunahitaji waya uvutwe milimita 27 hivi. Kama pedeli yako inavuta 36, milimita 9 za mwisho ni za bure. Hamishia kifungo cha waya hadi milimita 45 kutoka katikati na mvuto unaohitajika unakuwa 35, yaani karibu pedeli nzima, na mwanzo wa pedeli unalainika papo hapo. Pima zako kwa rula kabla ya kukata chuma. Namba hizi ni mfano tu.

Kipande cha kurefushia kitengenezwe kwa chuma bapa cha milimita 3, kifungwe kwa bolti mbili zenye nati za kujifunga, na kichwa cha waya kishikwe kwa pini yenye kotapini. Usichomelee mkono ukiwa bado kwenye pampu, maana sili za shafti zitaungua na dizeli itaanza kuvuja. Ukishafunga, angalia mwelekeo: waya unapaswa kuvuta karibu pembemraba na mkono ukiwa katikati ya safari. Ukivuta kwa kona kali mwanzoni, ukali utarudi kwa mlango mwingine.

Throto ya petroli

Kwenye injini ya petroli kisahani cha throto kinapofunguka nyuzi chache za mwanzo, hewa inaongezeka kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote. Masizi yakiganda ukingoni, kwenye throto ya waya kisahani kinanata; unasukuma, hakiendi; unaongeza nguvu, kinabanduka na kupitiliza pale ulipopataka. Huo ndio mruko.

1. Injini ipoe. Chomoa kichwa hasi cha betri.
2. Legeza klipu za bomba la hewa na ulitoe. Likague kama lina nyufa, hasa kwenye mikunjo.
3. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kitambaa, si moja kwa moja ndani. Futa ukingo wa kisahani na ukuta wa throto pande zote mbili. Palipoganda tumia brashi ya meno. Kisu, bisibisi na msasa vikae mbali.
4. Ili kufikia ukingo wa ndani, sukuma kisahani taratibu kwa kidole. Cha umeme kina gia ndogo ndani, kwa hiyo usikilazimishe, na kidole kisiwe humo kamwe swichi ikiwa imewashwa: kinaweza kufunga kwa nguvu.
5. Acha ikauke dakika 10, mbali na sigara na jiko. Rudisha kila kitu, bomba la hewa likaze vizuri.
6. Washa. Itatetemeka kidogo mwanzoni. Iache sailensa mpaka ipate moto, kisha dakika 10 zaidi bila AC wala taa.

Kwenye throto ya umeme, sailensa ikiwa juu baada ya kusafisha usianze kulaumu pedeli. Kompyuta ilikuwa imezoea kukifungua kisahani zaidi ili kufidia masizi, na inahitaji muda kujirekebisha. Baadhi ya magari, Nissan hasa, hayajirekebishi yenyewe vizuri. Yanahitaji mashine ya kupimia ili kufundishwa upya sailensa.

Kwa dizeli za kompyuta, kusafisha throto ili kupunguza ukali wa pedeli ni kupoteza hela. Kisahani kilichopo kwenye injini hizo kinasaidia mzunguko wa moshi na kuzima injini kwa ulaini. Nguvu inatawaliwa na kiasi cha mafuta kwenye nozeli. Kisafishe kwa sababu nyingine, si hii.

Pedeli ya sensa

Plagi kwanza. Ichomoe swichi ikiwa imezimwa, tazama pini. Pikapu inayooshwa kwa mashine ya maji mpaka ndani hupata kutu ya kijani hapo. Safisha kwa dawa ya vifaa vya umeme, kausha, chomeka mpaka isikike inafunga.

Kisha multimita. Sensa za Toyota zina nyaya sita: mbili za volti 5, mbili za hasi, mbili za ishara. Ishara ni mbili ili kompyuta ilinganishe moja na nyingine. Acha plagi ikiwa imechomekwa, ingiza sindano ya kipimo kwa nyuma ya plagi, washa swichi bila kuwasha injini. Mguu ukiwa mbali, ishara ya kwanza inasoma kati ya volti 0.5 na 1.1, ya pili kati ya 1.2 na 2.0. Ukikanyaga mwisho, ya kwanza inafika kati ya 2.6 na 4.5, ya pili kati ya 3.4 na 5.0. Kampuni nyingine zina namba zao.

Namba za mwanzo na mwisho zikiwa sawa, kazi haijaisha. Bonyeza kwa mkono kwa hatua ndogo, kama kumi hivi hadi chini, ukisoma kila hatua. Zipande kwa mpangilio. Zikienda 0.80, 0.86, 0.93 halafu 1.40, umempata mwizi. Sensa zenye njia ya kusuguana huchakaa hasa mwanzoni mwa pedeli, kwa sababu hapo ndipo mguu unapoishi siku nzima mjini. Mashine ya kupimia inafanya kazi hiyohiyo kwa haraka, ila ujue kwamba baadhi zinaonyesha asilimia 15 hivi mguu ukiwa nje kabisa. Hiyo ni volti 0.8 ikigawanywa kwa 5, si ugonjwa. Kodi ya hitilafu P2138 kwenye mashine inamaanisha ishara mbili hazipatani. P2121, P2122, P2123, P2127 na P2128 zote ni za mlolongo huo. Pedeli ya sensa iliyokufa haifunguliwi kutengenezwa. Inabadilishwa nzima, yenye namba ya spea ileile, kwa kufungua bolti mbili au tatu.

Volti zikipanda vizuri na hakuna kodi, basi ukali huo umepangwa kwenye programu. Hilux za kuanzia 2015 zenye vitufe vya ECO na PWR: angalia kwanza kama mtu hakuacha PWR imewaka. Bonyeza ECO, pedeli inalainika bila senti moja kutoka. Angalia pia nyuma ya pedeli kama mwenye gari wa awali hakuchomeka kiboksi cha kuongeza wepesi. Vinafichwa na gundi juu ya ukuta. Kiboksi cha aina hiyo kinaweza pia kutumika kinyume, kikiwekwa kwenye ngazi ya chini kabisa, lakini plagi zake zibane sawasawa na nyaya zifungwe zisining'inie. Na hakiponyi sensa iliyochakaa, kinaficha tu.

Mauntingi, krosi na difu

Ukiwa umetumwa hapa na kipimo cha pili, weka kabari kwenye tairi zote. Msaidizi akanyage breki mpaka mwisho, hendibreki juu, aingize namba moja na kuachia klachi kidogo sana mpaka injini ianze kuvuta, halafu arudie kwa rivasi. Wewe simama pembeni, si mbele wala nyuma ya gari, ukitazama injini. Ikiinuka zaidi ya inchi moja, au ukaona mpira umeachana na chuma, mauntingi zimekwisha. Badilisha za kushoto na kulia pamoja, na ya gia boksi uikague. Mpya ikikaa na moja kuukuu, ile kuukuu haichukui muda.

Propela inapimwa injini ikiwa imezimwa, gia huru, kabari zikiwa zimekaa. Shika kila upande wa krosi kwa mkono mmoja na uzungushe kinyume. Krosi nzuri haina plei hata ya kusikia. Sehemu ya propela inayoteleza ikiwa na plei kidogo inavumilika. Ikiwa kavu itaruka kila ukiachia mafuta, kwa hiyo piga grisi kwenye nipeli zote mpaka ya zamani itoke na mpya ionekane. Difu ina plei yake ya kawaida. Ikizidi, ni kazi ya fundi wa difu mwenye vipimo.

Skrubu za pampu

Kwenye dizeli ya zamani kuna sababu moja inayofichika vizuri. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na dizeli isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu mlimani. Mtu anakaza skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu ili gari lipande. Kwenye pampu za mzunguko, skrubu hiyo inaongeza mafuta kuanzia chini, hivyo sailensa inapanda nayo. Fundi anaishusha kwa skrubu ya sailensa na kuona kazi imekwisha. Matokeo ni pedeli inayochoma, moshi mweusi kila ukigusa, na joto kubwa kwenye pistoni.

Dalili yake ni nati au kofia ya skrubu hiyo kuwa na alama za plaizi. Weka alama ya rangi ilipo sasa, legeza nati yake, rudisha nyuma moja ya nane ya mzunguko, kaza, jaribu. Robo mzunguko kwa mara moja ni mwingi. Sailensa nayo uipange upya. Dizeli nyingi za aina hii hukaa kati ya 650 na 850. Kama pampu imeshachezewa na watu wawili au watatu, ipeleke kwenye benchi la kupimia pampu, kwa sababu hakuna sikio litakaloirudisha ilipokuwa.

Kabla ya kurudi barabarani

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mpaka mwisho na uachie ghafla, mara kumi. Mkono urudi kwenye kituo cha sailensa kila mara, kwa mlio wa "tak". Washa, piga resi fupi kwenye gia huru, uone inashuka mara moja. Jaribu eneo tambarare kwa namba moja na mbili, kisha kilima kifupi. Mafuta yakinata ukiwa unaendesha, kanyaga klachi au toa gia, shika breki, pembeza, ndipo uzime. Usitoe ufunguo gari likiwa linatembea, usukani utafunga.

Waya mpya hujinyoosha kidogo. Baada ya kilomita 100 hivi pima tena plei yake. Ikiwa imetoka milimita 3 hadi 5, irudishe. Ikiwa imezidi hapo, ama nati za kishikio zimelegea, ama kichwa cha ganda hakikukaa vizuri kwenye tundu lake kwenye ukuta wa injini. Kisukume ndani mpaka kikae, kisha upange upya.